Neno "Bustani" na Mji wa Shiraz

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea tafsiri ya waraka wa mipango ya mji ili niisahihishe. Kila palipotajwa katika waraka asilia mahali penye miti na majani palipotengwa kwa ajili ya watu wote, yeye aliandika "eneo la wazi". Nikamwuliza kwa nini hakuandika "bustani". Akanijibu kwamba bustani ni ya mtu na nyumba yake, ina ua na mwenyewe, na aghalabu hupandwa mchicha au mawaridi. Mahali pa watu wote, alisema, hapawezi kuitwa hivyo.

Jibu lake halikuwa la kupuuzwa. Ndani yake mlikuwa na swali la lugha na swali la ardhi, na maswali hayo mawili hayatenganiki. Nimeona basi yafaa kulifuata neno hili mpaka asili yake, na kuutazama mji mmoja wa Uajemi ambao kwa karne nyingi umesifiwa kwa bustani zake, yaani Shiraz. Jina la mji huo si geni masikioni mwa watu wa pwani yetu. Kisha tutarudi nyumbani, tupime maneno tuliyo nayo.

Asili ya neno

Bustani ni neno la Kiajemi, bustan, lenye sehemu mbili. Ya kwanza ni bu, ambayo umbo lake la zamani ni boy, maana yake harufu nzuri. Ya pili ni -stan, yaani mahali. Bustani kwa asili basi ni "mahali penye harufu nzuri". Kiambishi hiki cha -stan twakiona katika Gulistan, mahali pa mawaridi, na katika majina ya nchi kama Afghanistan. Mjini Shiraz kwenyewe kuna jumba lenye bustani liitwalo Narenjestan, lililojengwa katika miaka ya 1879 hadi 1886, na jina lake maana yake ni "mahali pa midanzi".

Neno hili liliingia katika Kiarabu zamani, hata Waarabu wakalipa wingi wa kwao, basatin. Kwetu lilipata irabu ya mwisho kama ilivyo desturi ya Kiswahili, likakaa katika ngeli moja na nyumba na nchi: bustani hii, bustani hizi. Limezoea kabisa sarufi yetu, hata twasema "bustanini" bila ya kusita. Konsonanti mbili zinazofuatana, -st-, ndizo zinazomkumbusha msikilizaji kwamba neno lilizaliwa kwingine.

Hapa yafaa kutoa tahadhari. Wako watu ambao kila waonapo neno la Kiajemi katika Kiswahili hulifanya ushahidi wa kuja kwa Washirazi. Njia hiyo haina uthabiti. Maneno mengi yenye asili ya Kiajemi yalitufikia katika vinywa vya Waarabu, na mengine katika vinywa vya watu wa Bara Hindi, kama serikali. Kwa kuwa Kiarabu kina bustan kama Kiajemi, sauti za neno peke yake haziwezi kutuambia limepita mlango upi.

Habari za watu wenyewe ni jambo jingine, nazo zina ushahidi wake. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Tarehe ya Kilwa iliyoandikwa zamani yasimulia kuja kwa Ali bin al-Hasan kutoka Shiraz. Wanachuoni wengi wa karne ya ishirini waliyatilia shaka masimulizi hayo. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, aliona kwamba watawala hao walishuka kutoka pwani ya kaskazini, upande wa Banadiri. Mwaka 2023 ulichapishwa katika jarida la Nature uchunguzi wa chembe za urithi za watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani yetu. Ulionyesha kwamba kuchanganyika kwa Waafrika na watu wa Asia kulianza kwenye mwaka 1000 hivi. Kwamba asili ya Asia ilikuwa hasa ya Uajemi, nayo ilitoka zaidi upande wa wanaume. Na kwamba upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika. Hata hivyo watu hao walisema Kiswahili, lugha ya Kibantu, lugha ya mama zao. Damu ina safari yake na maneno yana safari yake. Mchunguzi asiipime moja kwa kipimo cha nyingine.

Ukuta na pepo

Kuna neno jingine la Kiirani la kale lisiloweza kuachwa hapa: pairidaeza. Pairi ni "kuzunguka", na daeza ni "ukuta". Maana yake ya kwanza basi ni mahali palipozungushiwa ukuta. Wagiriki walilisikia, wakalifanya paradeisos; Xenophon alilitumia kwa viunga vya wakuu wa Uajemi. Walipofasiri Taurati kwa Kigiriki, wafasiri walilichukua neno hilo hilo kwa Bustani ya Edeni, na kutoka hapo likaenea katika lugha za Ulaya kwa maana ya pepo. Kwa upande wa Kiarabu neno hili ni firdaws, lililomo katika Kurani, nasi tukalipokea kuwa Firdausi.

Kiswahili basi kina maneno mawili ya Kiajemi kwa jambo hili: bustani kwa iliyo chini ya miguu yetu, na Firdausi kwa ile tunayoitumainia. Kati yake limesimama neno letu la Kibantu, peponi, ambalo huhusishwa na upepo: mahali pa ubaridi na pumzi. Mwajemi wa kale alipofikiri juu ya raha aliona ukuta unaozuia jangwa. Mswahili aliona upepo wa baharini. Kila mmoja alijenga pepo yake kwa kile ambacho nchi yake ilimnyima au kumpa kwa kiasi.

Hata hivyo ukuta haukuwa mgeni kwetu. Tuna neno ua, wingi nyua, yaani kizuizi cha makuti au miti na mahali palipozungukwa nacho. Na tuna ua, wingi maua. Haya ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, wala hayana asili moja. Lakini mwanafunzi wangu aliposema kwamba bustani "ina ua", sikio langu liliyasikia yote mawili, na nadhani wasemaji wengi huyasikia hivyo.

Mji wa Shiraz

Shiraz uko bara, si pwani, katika jimbo la Fars, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari. Mvua yake ni milimita 300 na ushei kwa mwaka, na karibu yote hunyesha katika miezi ya baridi. Wakati wa kiangazi mbingu hazitoi kitu. Mto unaopita mjini huitwa Khoshk, yaani "mkavu", na jina hilo ni la haki kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mtu aliyezoea mashamba ya Unguja na Pemba, ambako mti huota hata usipoutaka, ni lazima abadili fikira zake kabla ya kuingia Shiraz. Huko hapana mti uliomea kwa bahati. Kila mberoshi, kila mkomamanga na kila mdanzi umesimama pale kwa sababu mtu aliuletea maji.

Maji hayo yaliletwa kwa mifereji ya chini ya ardhi iitwayo qanat. Fundi huchimba kisima kwenye miteremko ya milima mpaka ayafikie maji, kisha huchimba njia yenye mteremko mdogo sana, na visima vingine juu yake vya kuingizia hewa na kutolea udongo, mpaka maji yatokeze yenyewe bondeni bila ya kuvutwa. Mfereji wa Ruknabad, uliosifiwa sana na washairi, huhusishwa na mtawala Rukn al-Dawla wa karne ya kumi. Mwanawe, Adud al-Dawla, aliyetawala Fars tangu 949 hadi 983, alijenga katika mto Kur bwawa ambalo mpaka leo huitwa Band-e Amir.

Mpango wa bustani ya Kiajemi hufuata maji. Mfereji mmoja hupita katikati kwa unyofu, na aghalabu hukatwa na mwingine, hata ardhi ikagawanyika sehemu nne. Mpango huo huitwa chahar bagh, yaani bustani nne. Pasargadae, kaskazini-mashariki ya Shiraz, alikojenga mfalme Koreshi katika karne ya sita kabla ya Kristo, David Stronach alichimba katika miaka ya 1961 hadi 1963 akachunguza mifereji ya mawe iliyozunguka bustani ya mfalme. Mwaka 2011 UNESCO iliziandika bustani tisa za Uajemi katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Pasargadae ni mojawapo, na Eram ya Shiraz ni nyingine.

Eram ni jina ambalo msomaji wa Kurani analijua, Iramu yenye nguzo. Bustani hii ilikuwa ya machifu wa Waqashqai, kisha ikapita mikononi mwa matajiri wengine wa mji katika karne ya kumi na tisa. Katika karne ya ishirini ikawa ya chuo kikuu cha Shiraz, nayo leo ni bustani ya elimu ya mimea ambayo watu huingia na kutembea. Bagh-e Nazar ilikuwa ya Karim Khan Zand, aliyeufanya Shiraz mji wake mkuu akafa mwaka 1779. Kijumba chake chenye pembe nane, alimozikwa, kimekuwa nyumba ya makumbusho tangu 1936. Kaburi la Hafez, aliyekufa mwaka 1390, limo katika bustani, chini ya kuba lililojengwa katika miaka ya 1930 kwa mchoro wa André Godard. Watu huja jioni na diwani yake mkononi, hukifungua kitabu wakatafuta fali ya mambo yao. Saadi naye, ambaye vitabu vyake viwili mashuhuri, vya mwaka 1257 na 1258, vimeitwa Bustan na Gulistan, amelala ndani ya bustani yenye jengo la mwaka 1952, na chini yake hupita mfereji wenye samaki.

Tazama mambo hayo kwa pamoja, utaona mfuatano mmoja. Karibu bustani zote hizi zilianza kuwa za mtu: mfalme, khan, tajiri au wakfu wa kaburi. Ukuta ulijengwa ili wengine wasiingie. Baadaye mlango ulifunguliwa, lakini ukuta haukubomolewa. Bustani ya watu wote mjini Shiraz si mahali pasipo mpaka. Ni mahali penye mpaka ambao kila mtu ana haki ya kuuvuka, na ambao ujenzi hauna haki ya kuuvuka.

Siku ya kumi na tatu ya Nowruz, watu wa mji hutoka majumbani wote kwenda penye miti na maji, wakala na kustarehe mpaka jua kuchwa. Sisi nasi twalijua neno hili: ni Nairuzi yetu, mwaka wa jua wa mabaharia na wakulima, ambao watu wa Makunduchi huusherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa.

Jambo moja zaidi litawapendeza wasomaji wa jarida hili. Katika Kiajemi neno la kila siku kwa bustani ni bagh, na bustan lilikuwa zaidi neno la mashairi na la mahali pa miti ya matunda. Miji ya Iran ilipoanza kuwa na bustani za manispaa, watu walisema park, kwa kuiga Ulaya. Leo neno linaloandikwa rasmi kwa mahali hapo ni bustan. Wenye lugha walirudi ghalani mwao, wakachukua neno la kale lililokuwa limelala, wakalipa kazi mpya.

Maneno yetu

Sasa turudi kwa mwanafunzi wangu. Alikuwa na maneno gani mbele yake?

Shamba halifai, kwa maana lina jembe ndani yake, na tena huwekwa kinyume cha mji. Kitalu ni mahali pa miche, au sehemu iliyozungushiwa ua kwa kulima. Kiunga ni neno zuri sana. Kamusi za zamani zalieleza kuwa ni pembeni ya mji pamoja na mashamba ya matunda yaliyopo hapo, na wenyeji wa mitaa ya nje ya miji ya pwani wanalijua. Lakini limeanza kusahauliwa.

Kiwanja lina hatari. Maana yake ni mahali palipo wazi pa kuchezea au kukutania, lakini ni hilo hilo neno ambalo mtu hulitumia akisema amenunua kiwanja, yaani ardhi ya kujenga nyumba. Mjini Dar es Salaam twasema "viwanja vya Mnazi Mmoja", ijapokuwa pana miti na vivuli. Neno la mchezo na neno la msingi wa nyumba limekuwa moja.

Eneo la wazi ndilo lenye hatari zaidi. Wazi kwa Kiswahili ni kisichofunikwa, kisichofungwa. Lakini vile vile ni kisicho na kitu, kisichokaliwa. Kiti kilicho wazi ni kile ambacho ye yote aweza kukikalia. Nafasi ya kazi iliyo wazi ni ile inayongoja mtu. Kwa hiyo tuandikapo katika ramani "eneo la wazi", tumelenga kusema "pasijengwe hapa", lakini msomaji wa Kiswahili asikia "hapa bado hapajapata mtu". Malalamiko juu ya uvamizi wa maeneo ya wazi katika miji yetu ni mengi na ya siku nyingi. Sisemi kwamba neno ndilo lililojenga nyumba hizo. Tamaa na fedha ndizo zilizojenga. Nasema kwamba neno halikusimama mlangoni kuzuia. Mvamizi hakuhitaji hata kulipindua.

Linganisha na Nairobi. Mahali palipofunguliwa mwaka 1969 kwa jina la Uhuru Park, Kiswahili cha Kenya mara nyingi hupaita Bustani ya Uhuru. Mwaka 1989 palitokea shauri la kujenga hapo jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai alilipinga kwa barua na kwa maneno, akatukanwa, lakini jumba halikujengwa. Wala hapa sidai kwamba neno lilishinda. Aliyeshinda ni mwanamke yule na waliomfuata. Lakini yafaa kuona jinsi lugha ilivyowafaa watetezi. Kujenga juu ya bustani ni kuharibu kitu. Kujenga juu ya eneo la wazi ni kujaza pengo. Mwenye kutetea bustani ana nusu ya hoja yake ndani ya jina.

Unguja nako pana funzo. Bustani iliyo mbele ya Ngome Kongwe ilitengenezwa katika miaka ya 1930, ikapewa jina la jubilei. Jina hilo limepita. Watu hupaita Forodhani tu, kwa ajili ya forodha iliyokuwapo pale, na hivyo ndivyo ilivyoitwa ilipofunguliwa tena mwaka 2009 baada ya matengenezo. Jina lililotoka vinywani mwa wenyeji liliishi kuliko lile lililotoka ofisini.

Mpaka wa uwezo wa neno

Nisingekuwa mkweli kama ningemwacha msomaji akidhani kwamba neno jema linatosha. Shiraz yenyewe yakataa. Upande wa kaskazini-magharibi, Qasr al-Dasht, bustani za matunda zilizokuwa fahari ya mji zimeendelea kumegwa na majumba, ingawa kila mtu anaziita bustani. Na tarehe 25 Machi 2019, katika siku za Nowruz, mvua kubwa iliteremka karibu na Mlango wa Kurani, ambako wasafiri huingilia mjini, maji yakachukua magari na kuua watu wasiopungua 18. Lawama nyingi zilielekezwa kwenye njia ya zamani ya maji iliyokuwa imezibwa na kufanywa barabara. Njia ya maji iliyokauka nayo ilionekana kuwa mahali pa wazi. Mtu aliyeutazama mwezi wa Julai angeapa kwamba haina kazi.

Kwa hiyo neno ni mlinzi mmoja tu kati ya wengi. Pamoja na hayo, ndiye mlinzi tuliyekabidhiwa sisi tunaofanya kazi ya lugha, na hatuna budi kumweka pahali pake.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, mahali penye miti na majani palipotengwa kwa watu wote paitwe bustani, na ikihitajika kupambanua, bustani ya umma. Hoja ya kwamba bustani ni ya mtu na nyumba yake tumeona jinsi Shiraz ilivyoijibu. Pili, kiunga lirudishwe kazini kwa ukanda wa miti na mashamba unaozunguka mji, kwa kuwa hatuna neno jingine lenye maana hiyo. Tatu, kiwanja libaki la michezo na mikutano, wala lisitumiwe penye miti. Nne, eneo la wazi liachwe kwa ardhi tupu iliyo tupu kweli, ambayo tunakubali kwamba kesho yaweza kujengwa.

Mwanafunzi wangu aliichukua tafsiri yake akaisahihisha. Katika ukurasa mmoja alikwama, akarudi kuniuliza: mahali ambapo ramani inaonyesha bustani, lakini miti imekwisha kukatwa na mabati yamezungushwa, paandikwe nini? Nilimwambia aandike bustani. Kufasiri ni kusema waraka ulivyosema; na siku atakapokuja mtu na waraka huo mkononi kuuliza miti iko wapi, neno liwe limemngoja pale pale.